Kabla kamba ya wapimaji haijafika shambani kwa mama yako, jina lake liwe limeandikwa

BintiWaChamwino (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimeuweka moyoni tangu 2019 na leo nimeamua kuutoa, maana nasikia kamba za wapimaji zinaelekea vijiji vingine na kina mama wa huko wako kama alivyokuwa mama yangu, wanapepeta uwele hawana habari.

Mama aliolewa mwaka 1988 kwenye kijiji kimoja mashariki ya Dodoma mjini. Ng'ombe zilitolewa, akaletwa, baba mkwe wake akawaonyesha pori wakafyeka wenyewe. Ekari sita hivi. Baba alikuwa mtu wa vibarua, mara Morogoro, mara Dar, msimu huu yupo, msimu ujao hayupo. Shambani alikuwa mama. Uwele na mtama, karanga upande wa chini kwenye kichanga, kunde katikati ya mistari, na miaka ya baadaye alizeti. Sisi watoto watano tulisomeshwa na zile karanga. Baba akafariki 2014, hakuna karatasi yoyote aliyoacha, na wala hakuna aliyeiulizia, kwa sababu wakati ule ardhi ya kwetu hakuna aliyeitaka. Mtu alikuwa anaweza kukupa ekari kwa mbuzi.

Kisha 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli, jambo lililokuwa likisemwa tangu 1973. Mwaka 2017 CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikisimamia ardhi ya mji, ikavunjwa, 2018 tukawa jiji, Mtumba ukaanza kujengwa mji wa serikali. Shamba la uwele likageuka kiwanja huku uwele ukiwa bado umesimama.

Siku yenyewe ilikuwa Juni, 2019. Gari lilisimama chini ya mbuyu, wakashuka vijana wanne na kamba, rangi na mafaili. Wakaita mwenye shamba. Mama akaweka ungo chini, akajifuta vumbi, akaenda. Aliyeshika fomu akamuuliza, "Mzee yuko wapi?" Akasema alishafariki. "Basi aje mwanaume wa familia." Akatokea baba mdogo, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya barabara na hajawahi kushika jembe kwetu hata siku moja. Akataja jina lake, likaandikwa. Akapewa kibao chenye namba, akasimama kwenye mistari ya karanga za mama, akapigwa picha kama mwenye mali. Mama akaambiwa, "Mama sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

Nimeiona ile picha kwenye nakala ya faili. Pembeni kushoto unaona ncha ya kanga.

Miaka 31 ya jembe, na kilichobaki kwenye kumbukumbu ni ncha ya kanga.

Fidia ya shamba lililochukuliwa ilitoka baada ya muda mrefu, ikaingia kwenye akaunti ya baba mdogo. Alimletea mama laki tatu na gunia la mahindi. Kilichotuokoa ni ekari mbili zilizoko nyuma ya korongo, ambazo upimaji ule haukuzifikia. Hizo ndizo tulizopigania na tukazipata, na nitaeleza tulivyofanya.

Ninachotaka kusema ni hiki. Watu wanadhani mwanamke wa kijijini anapoteza ardhi kwa sababu sheria inambagua. Mimi nilidhani hivyo pia. Nilipoanza kuzisoma nikakuta sheria ya ardhi iko upande wa mama tangu 1999. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 zote zinasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanaume. Ile ya vijiji, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo ni batili. Mama alinyang'anywa pale kwenye ile fomu, kwenye mstari wa "jina la mmiliki", na kijana ambaye wala hakuwa na ubaya naye. Alizoea tu kwamba mwenye shamba ni mwanaume.

Karibuni tujadili. Walioyapitia waseme.

MkulimaKongwa

Pole sana dada, na pole kwa mama. Hilo la picha limeniuma.

Lakini nami niseme la upande wa ukoo, tusiwafanye wazee wote wezi. Kwetu ardhi ni ya ukoo, babu aliiacha ili ukoo usitawanyike. Hofu yetu ni hii: mjane akiandikwa peke yake, kesho akaolewa na mtu wa mbali, ardhi ya babu inaondoka na yule mwanaume. Tumeyaona. Kuna mjukuu kwetu anapanga chumba wakati shamba la babu yake linalimwa na mtu asiyemfahamu. Hili mnalijibu vipi?

BintiWaChamwino

Asante kwa kuuliza kwa heshima, baba. Hofu yako ni ya kweli na siwezi kuidharau.

Jibu letu lilikuwa kuandika majina zaidi ya moja. Zile ekari mbili zimeandikwa jina la mama na majina ya sisi watoto wote, wa kike na wa kiume. Mama hawezi kuuza bila sisi, sisi hatuwezi kumfukuza mama. Ardhi ya babu imebaki kwa wajukuu wa babu. Ukoo ungetaka kulinda ardhi kwa dhati, ungeanza na hapo, kwa watoto.

Ila naomba nawe ujiulize: kwetu hela ya ardhi ya babu ilikwenda kwa nani? Mjane hakuondoka nayo. Mama hajaolewa tena mpaka leo, ana miaka sitini na ushee. Aliyechukua hela akanunua pikipiki mbili ni mtu wa ukoo.

MkulimaKongwa

Hapo sina jibu. Ni kweli.

MtendajiMstaafu

Nimekuwa mtendaji wa kijiji katika wilaya mbili za mkoa huu, sasa nimepumzika. Mleta mada umegusa penyewe, kwenye ule mstari wa jina.

Nieleze inavyokwenda. Kijiji kikishapimwa mipaka na kuwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi, wananchi wanaweza kupatiwa hati ya hakimiliki ya kimila. Kabla ya hati kuna uhakiki shambani, mnazunguka mpaka kwa mpaka na majirani wakiwa wamesimama hapo. Sheria inataka kamati ya kazi hiyo iwe na wajumbe wasiozidi 9, na kati yao wanawake wasipungue 4. Baraza la ardhi la kijiji ni watu 7, wanawake 3. Haya yameandikwa na kwenye mihtasari utakuta yametimizwa.

Lakini ukifika shambani unakuta mume kasimama mpakani, mke kaachwa nyumbani anapika chakula cha wageni, na hao wageni ndio sisi. Wale wajumbe wanawake wamekaa nyuma ya kundi, hakuna anayewauliza mpaka uko wapi, ingawa ndio wanaoujua maana ndio wanaoupalilia. Mume anasema, "Andika langu tu, yeye si mke wangu, tatizo liko wapi?" Nami kwa miaka mingi niliandika. Nakiri mbele yenu kwamba niliandika, na najua zipo nyumba ambazo leo zina shida kwa kalamu yangu.

Kilichonibadilisha ni mjane mmoja aliyekuja ofisini akiwa na hati ya marehemu mumewe, ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni, akaniomba nimwonyeshe jina lake liko wapi. Nikatafuta pamoja naye kana kwamba sijui, wakati mwandiko ni wangu.

Tangu siku hiyo nikawa siandiki mpaka nimemwona mke. Nikawa nauliza tu, "Mama wa nyumba hii yuko wapi? Aje aonyeshe mpaka." Sikuwahi kupata mwanaume aliyegoma moja kwa moja. Wengi walikuwa hawajafikiria tu. Wachache walikasirika, na hao mara nyingi walikuwa na nyumba ndogo.

NuruKondoa

Assalaam aleykum ndugu zangu.

Mimi natoka Kondoa, kwetu wengi ni Waislamu. Naomba niongeze jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Katika mirathi ya Kiislamu mjane ana fungu lake linalojulikana: mume akiacha watoto, mke anapata thumuni, asipoacha watoto, robo. Binti anarithi, nusu ya fungu la kaka yake. Hilo ni agizo, si hisani ya mtu.

Sasa angalieni kinachofanyika. Ukoo ukiona dini inampa mjane fungu, wanasema "sisi tunafuata mila". Akija binti kudai kwa sheria ya nchi apate sawa na kaka yake, wanasema "sisi tunafuata dini". Mwisho wa siku mwanamke hapati kwa mila, hapati kwa dini, hapati kwa serikali. Marehemu baba yetu alipofariki, dada yangu mkubwa ndiye aliyesimama akasema tuchague moja na tulifuate mpaka mwisho. Tukachagua dini, na mama akapewa thumuni yake kamili mbele ya sheikh na mashahidi, ikaandikwa. Si kubwa. Lakini ni yake, na hakuna shemeji anayeweza kuigusa.

WakiliWaVumbi

Nimesoma mpaka mwisho. Kazi yangu ni sheria, niongeze machache, na nimrekebishe kidogo mleta mada.

Umesema sheria iko upande wa mama. Sheria ya ardhi, ndiyo. Ya mirathi, hapana, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Bado kuna Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963, linalosema mjane hana fungu katika mirathi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mabinti wamewekwa daraja la tatu, la mwisho. Wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka hili mahakamani. Mahakama Kuu mwaka 2006 ikakubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Wakafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia 1985, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zilivunjwa na nchi inapaswa kubadili sheria. Kwa hiyo tuna sheria ya ardhi ya 1999 inayomwita mwanamke mmiliki, na kanuni za 1963 zinazomwita mtu wa kutunzwa, zote mbili kwenye nchi moja.

Mahakama zetu hazikulala lakini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alimpa haki Holaria Pastory wa Kagera, aliyerithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza, na mtu wa ukoo akapinga eti mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo inagongana na Katiba.

Na hili ni kwa walio kwenye ndoa leo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 60: mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiandikwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa mna haki sawa. Jina moja lililoongezwa linahamisha mzigo wote wa kuthibitisha. Ambaye jina lake halipo asikate tamaa, maana Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inatambua kwamba mwenzi aliyechangia kwa nguvu zake katika kuzalisha na kuitunza ardhi hiyo anapata maslahi ndani yake. Jembe linahesabika. Ila atalazimika kulithibitisha mahakamani, na mashahidi wanazeeka na wengine wanafariki.

BintiWaChamwino

Asante sana wakili, nakubali marekebisho. Ndiyo maana kwenye mirathi tulihangaika kuliko nilivyotegemea.

Naeleza sasa. Mwaka 2021 tulienda Mahakama ya Mwanzo kuomba mama ateuliwe msimamizi wa mirathi ya baba. Tukaambiwa tulete muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao kikaitishwa kwa babu mkubwa, wanaume kumi na mmoja kwenye viti, mama na shangazi kwenye mkeka. Baba mdogo akasema tayari yeye ndiye mwangalizi wa mali ya kaka yake. Wazee wakawa wanatikisa vichwa kukubali.

Shangazi akasimama. Ni dada yake baba wa tumbo moja, mtu wa maneno machache, ameolewa Mpwapwa na alikuja kwa basi siku hiyo hiyo. Akamuuliza baba mdogo: "Korongo la kwa kaka lina miti mingapi ya mikwaju?" Kimya. Akamgeukia mama. Mama akasema mitatu, mmoja ulipigwa radi mwaka wa El Nino ukabaki kisiki. Shangazi akasema, "Mimi ni wa ukoo huu kuliko wake zenu wote, na nasema shamba lile ni la huyu mama na watoto wake. Kaka alikuwa Morogoro." Akaketi. Hakuna aliyempinga, kwa sababu shangazi kwetu hapingwi kirahisi.

Mahakamani baba mdogo aliweka pingamizi, hakimu akauliza majirani nani alikuwa akilima, pingamizi likatupwa. Mama akateuliwa, akagawa, tukaandikwa wote.

Fidia ile hatujaidai. Mama amekataa, anasema hawezi kumburuza mdogo wa mumewe mahakamani akamfilisi. Sikubaliani naye na nimemwambia, tumegombana juu ya hilo zaidi ya mara moja. Ile hela ilikuwa ya uzee wake. Lakini ni haki yake kuamua, na kama napigania sauti yake siwezi kuizima inaposema nisichopenda.

ZabibuHombolo

Dada zangu nami naomba ushauri. Nina genge la mboga na nalima zabibu nusu ekari ya kukodi. Mimi na mchumba wangu tumenunua kiwanja upande wa Nala, mimi nimetoa milioni moja na laki nane, yeye milioni mbili. Hati ya mauziano kwa mwenyekiti wa mtaa imeandikwa jina lake peke yake kwa sababu siku ile nilikuwa sokoni, sikuweza kufunga genge. Ndoa ni mwakani. Nikimwambia aniongeze ataona simwamini. Nifanyeje?

MtendajiMstaafu

Binti, usisubiri ndoa. Mwambie leo, kwa upole, na usiliweke kwenye mizani ya kuaminiana. Mwambie hivi: "Mungu apishe mbali, lakini ukipata ajali barabarani, ndugu zako watanitambua?" Mwanaume mwenye nia njema hilo analielewa. Nendeni wote kwa mwenyekiti pamoja na muuzaji na mashahidi wale wale, mwandike mauziano upya yenye majina mawili na picha za wote wawili. Ukilipia kitu chochote kwenye kiwanja hicho, matofali, mchanga, fundi, tunza risiti zenye jina lako. Miamala ya simu pia usiifute.

WakiliWaVumbi

Sahihi kabisa. Na kwa kuwa bado hamjafunga ndoa, ulinzi wa Sheria ya Ndoa haukufikii ipasavyo. Leo karatasi ndiyo mlinzi wako. Mkifika kwenye urasimishaji au kuomba hati, mnaweza kumilikishwa kwa pamoja kwa mafungu, na kila mmoja fungu lake likatajwa. Hiyo inawafaa walio kwenye hali yenu.

Gharama zikiwa shida, tafuta wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wapo kwenye wilaya nyingi, na kazi yao hawaitozi. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye kata yako wakuelekeze.

ZabibuHombolo

Nimewaelewa. Nitamwambia Jumapili akiwa ametulia, hasikilizi vizuri akitoka kazini.

MkulimaKongwa

Nimerudi. Tangu jana nimekuwa nikiwaza. Nina mashamba mawili, moja la ukoo na moja nilinunua mwenyewe na mke wangu tukiuza alizeti. Yote yapo jina langu. Nina mabinti watatu na kijana mmoja. Swali langu ni la utaratibu tu: hati ya kimila ikishatoka kwa jina moja, majina yanaweza kuongezwa au ndiyo imeshapita?

MtendajiMstaafu

Haijapita baba. Nenda na mkeo ofisi ya kijiji, beba hati yenyewe, vitambulisho vya wote na picha ndogo. Mtaandika maombi kwa halmashauri ya kijiji, yaingie kwenye ajenda ya kikao, yakipita yanakwenda masijala ya ardhi ya kijiji na wilayani kwa ajili ya kubadilishiwa. Hilo la alizeti anza nalo, halihitaji mazungumzo na ukoo. La ukoo kaeni kwanza na ndugu zako, na mabinti wawepo kwenye kikao.

MkulimaKongwa

Nashukuru. Mtendaji wetu anakaa ofisini Jumanne na Alhamisi. Tutakwenda Alhamisi, Jumanne mama watoto ana kikao cha kikoba.